Linda kompyuta, linda mapafu ya mwenzako



Ukurasa huu umekuzoesha habari za kaske, viatu vya usalama, maji ya kunywa na chandarua. Leo nataka tuangalie chombo kingine cha kazi, kile kinachokaa juu ya meza katika biro, katika magazini ya vipuri, kwa shefu wa ekipe na kwetu dispansere. Nacho ni kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema hapa Mulungwishi. Najua utasema: muganga ameacha sindano, sasa anajifanya fundi wa mashini. Fundi si mimi. Nilisoma uganga katika shule ya ufundi, na kompyuta nimeifahamu kama wewe, kwa kuitumia na kwa kukosea. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa mahali pengine, katika dispansere ambayo sitaitaja. Ijumaa moja ilifika barua kwa njia ya intaneti, ikisema kwamba kuna deni la dawa halijalipwa. Pamoja nayo ilikuja hati ya Word. Nilipoifungua sikuona hesabu yoyote. Niliona ukurasa wenye ukungu, maandishi hayasomeki, na ilani kwamba hati imelindwa, anayetaka kuisoma abonyeze kifungo. Juu kabisa palikuwa na utepe wa rangi ya njano, na kifungo kilichoandikwa kwa Kifaransa Activer le contenu. Wagonjwa walikuwa wamejaa mlangoni. Nikabonyeza. Sikuona mabadiliko yoyote, nikafunga hati, nikaenda kuchoma sindano.

Jumatatu faili zote zilikuwa zimebadilika majina na hakuna hata moja iliyofunguka. Katika kila folda palikuwa na barua fupi ya Kiingereza: lipa dola 800 kwa bitcoin, la sivyo usahau faili zako. Nakala tulikuwa nayo. Lakini diski ya nakala ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile usiku na mchana, kwa hiyo nayo ilifungwa pamoja na nyingine.

Hata hapo sikuelewa ukubwa wa jambo. Nilielewa wiki ya tatu, alipokuja mzee mmoja mstaafu, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashini ya kuvunja mawe. Mlango wetu ulikuwa na ngazi tatu tu, naye alisimama ngazi ya pili apumue kwanza. Akaniambia: "Muganga, mwanangu, naomba karatasi zangu za mapafu nipeleke kwa Caisse." Hakuomba dawa. Aliomba karatasi.

Ninyi mnaofanya kazi penye vumbi mnaujua ugonjwa wa silikose. Vumbi laini la mawe linaingia ndani ya mapafu na kuyaacha na makovu, na hakuna dawa ya kuyafuta makovu hayo. Mara nyingi ugonjwa unajitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, pengine mtu ameshaacha kazi. Picha moja ya leo haisemi yote. Kinachosema ni faili ya mwaka hadi mwaka: picha ya siku alipoajiriwa, kipimo cha pumzi cha mwaka wa tano, picha ya mwaka wa kumi, mahali alipokuwa akifanya kazi kila wakati. Faili hiyo ikipotea, mzee anabaki na kikohozi bila ushahidi wa kilikotoka.

Tulitafuta katika madaftari ya zamani. Tukapata tarehe na majibu mpaka mwaka 2011, yote kwa mkono wa muganga aliyenitangulia, mwandiko mzuri kabisa. Kuanzia 2012 kila kitu kiliingizwa katika kompyuta na daftari likaonekana ni mambo ya wazee. Miaka saba ya mapafu ya mtu yule ilikuwa imekwenda. Nilimwandikia barua ya kueleza, nikatia sahihi na muhuri, lakini barua ya muganga haiwezi kuchukua nafasi ya picha saba.

Sasa, makro ni nini? Ni amri zilizopangwa ndani ya hati ya Word au jedwali la Excel ili mashini ifanye yenyewe kazi ya kurudiarudia. Si kitu kibaya. Jedwali la saa za kazi linalojumlisha peke yake saa za usiku na za Jumapili linafanya hivyo kwa makro, na siku ya malipo wote tunalifurahia. Lakini amri zilezile zinazojumlisha saa zinaweza pia kuita programu nyingine kutoka intaneti na kuiwasha bila wewe kuona. Hati inangoja ruhusa yako. Ndiyo sababu mwizi wa namna hii havunji mlango. Anakuandikia maneno ya deni, ya malipo, ya kazi mpya au ya mzigo uliokwama forodhani, ili umfungulie mwenyewe.

Mbinu hii imezeeka. Virusi vya makro vilivyoitwa Concept vilienea kwa hati za Word mwaka 1995. Mwezi wa tatu wa 1999 vikaja Melissa, ambavyo vilijituma kwa watu 50 wa kwanza katika kitabu cha anwani cha kila aliyefungua. Halafu Emotet, iliyojulikana tangu 2014, ambayo ilikuwa ikipenda sana hati za madai ya malipo kama ile niliyofungua mimi. Polisi wa nchi kadhaa waliuvunja mtandao wake mwezi wa kwanza wa 2021, na kabla ya mwaka huohuo kwisha ulikuwa umerudi.

Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuzuia makro za hati zinazotoka intaneti. Tuipe haki yake, ilikuwa kazi nzuri, na wezi wengi walilazimika kutafuta vichochoro vingine. Lakini wewe wa Mulungwishi usifurahi haraka. Kwanza, Office za zamani, za 2007 na 2010, hazina kinga hiyo, nazo bado ziko kwenye mashini nyingi huku kwetu. Pili, Office inatambua kwamba hati imetoka intaneti kwa alama inayobandikwa kwenye faili wakati wa kuishusha. Hati ikipitia flashi, mara nyingi alama hiyo inabaki njiani. Na sisi hati zetu zinasafiri kwa flashi. Zinatoka Likasi ndani ya mfuko wa shati, zinatoka kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, zinatoka kwa kijana wa Chuo Kikuu cha Wamethodisti anayemwomba baba yake amtolee kopi ya mwisho ya TFC kwenye mashini ya kazini. Simkatazi baba kumsaidia mtoto. Nami nimewahi kutoa kopi za mtoto wa jirani. Ninachosema ni kwamba flashi iliyopita kwenye kompyuta kumi inafanana na sindano iliyopita kwa watu kumi, na sindano ya namna hiyo hutaipokea hata mimi nikikuapia kwamba nimeifuta vizuri.

Kuna jambo moja linalonigusa kama mtu wa dispansere. Programu ya kwanza inayojulikana ya kufunga faili na kudai kikombozi ilisafiri kwa jina la ugonjwa. Mwezi wa kumi na mbili wa 1989 diski laini zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta katika nchi nyingi, baadhi yake kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya UKIMWI. Kwenye diski iliandikwa kwamba ni maelezo ya UKIMWI, na kweli ndani yake kulikuwa na maswali ya kumwonyesha mtu hatari yake. Lakini baada ya kompyuta kuwashwa mara 90 hivi, majina ya faili yalivurugwa, na kioo kikadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Aliyeshtakiwa ni Mmarekani Joseph Popp, mtaalamu wa elimu ya viumbe, ambaye aliwahi kufanya kazi Kenya. Mwaka 1991 mahakama ya Uingereza iliona kwamba akili yake haikuwa katika hali ya kuhukumiwa. Walioichomeka diski ile si wajinga. Miongoni mwao walikuwamo waganga na watafiti waliotaka kujua zaidi juu ya ugonjwa uliokuwa ukiua wagonjwa wao, kama mimi nilivyotaka kujua deni la dawa.

Tangu hapo hospitali zimeumia sana. Tarehe 12 mwezi wa tano 2017 virusi vya WannaCry viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Uingereza miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilivunjika, wakati dawa ya tundu lile Microsoft ilikuwa imeitoa tangu mwezi wa tatu. Na hapa jirani, Afrika Kusini, tarehe 22 mwezi wa sita 2024, maabara ya taifa inayohudumia hospitali za serikali, NHLS, ilishambuliwa. Mashini za kupima damu zilikuwa nzima na wapimaji walikuwepo, ila majibu hayakuweza kusafiri. Majibu ya haraka yalisomwa kwa simu, daktari mmoja baada ya mwingine. Fikiri mama mjamzito anasubiri damu na simu ya maabara inaita bila kupata laini. Ubaya zaidi, washambuliaji walifuta mpaka mahali nakala zilipohifadhiwa. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka diski yangu iliyokuwa imechomekwa usiku na mchana.

Kazi ya madini nayo haijaachwa. Usiku wa kuamkia tarehe 19 mwezi wa tatu 2019, kampuni ya aluminiamu ya Norway, Norsk Hydro, yenye wafanyakazi 35,000 katika nchi 40, ilifungiwa faili zake. Ilielezwa baadaye kwamba mlango ulikuwa barua moja iliyotoka kwa mteja wanayemwamini, mfanyakazi mmoja akaifungua. Shika neno hilo, mteja wanayemwamini. Asubuhi wafanyakazi walikuta karatasi zimebandikwa milangoni zikikataza kuunganisha kompyuta yoyote. Viwanda vingi vilirudi kwenye karatasi na kazi za mkono kwa wiki kadhaa. Hasara ilifika mamilioni mengi ya dola. Lakini kampuni haikulipa kikombozi, ilikuwa na nakala, na haikuficha habari. Na mwezi wa saba wa 2021 ikawa zamu ya Transnet, wenye bandari ya Durban, ambako shaba na kobalti nyingi ya Katanga hupitia. Kazi ya kontena ilikwama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo dereva anayetoka huku na mzigo, ambaye hana hata kompyuta, naye anaweza kulala njiani kwa sababu ya kifungo kilichobonyezwa mahali fulani.

Basi tufanye nini? Utepe wa njano ukitokea, toa mkono kwenye kipanya. Jiulize kama ulikuwa ukiingoja hati hii. Kama hukuingoja, chukua simu umwulize aliyeituma, kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa ndani ya barua. Hati ya kusoma tu haina sababu ya kuomba makro. Hati inayokuambia ubonyeze kitu ndipo uione, mimi naihesabu kuwa mbaya mpaka fundi aseme vingine. Kwenye mashini nyingi fundi anaweza kuzifunga makro zote, akaacha zile za jedwali la saa tu. Mwombe afanye hivyo, si kazi ya siku nzima.

Flashi ya nyumbani ikae nyumbani. Programu za wizi, zile zinazouzwa sokoni kwa franka kidogo na ufunguo wake ndani, zisiingie katika mashini ya kazi, maana nyingi zinabeba mgonjwa ndani yake. Matengenezo ya Windows yasiahirishwe kila siku kwa sababu intaneti ni ghali au umeme umekatika. Na mjue kwamba Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kwa hiyo mashini hizo zinahitaji mpango.

Juu ya nakala sitachoka kusema, hata mkichoka kusikia. Nakala iliyochomekwa si nakala. Chomeka diski, nakili, chomoa, peleka kwenye kabati la chuma katika chumba kingine. Halafu mara moja kwa mwezi ifungue kwenye mashini nyingine, uone kama faili zinasomeka, kwa sababu nimeona diski iliyotunzwa mwaka mzima na ndani yake hamna kitu. Mambo ya mwili wa mtu, yaani picha za mapafu, vipimo vya masikio, ajali, yaandikwe pia katika daftari. Wengine wanacheka daftari letu jekundu. Wacheke. Lile la miaka ya kabla ya 2012 ndilo lililompa yule mzee nusu ya karatasi zake.

Ikiwa jambo limekwisha kutokea, chomoa kamba ya mtandao au zima wifi mara moja, usichomeke diski ya nakala ili kujaribu, usifute kitu, ita fundi. Piga picha ya barua ya wezi kwa simu. Kuna mradi unaoitwa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Ulaya, polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za kinga ya kompyuta. Unatoa bure funguo za baadhi ya programu hizi. Si za zote, lakini jaribu kabla ya kukata tamaa.

Kulipa? Sitakudanganya kwamba hakuna aliyelipa akapata faili zake, wapo. Lakini angalia mwaka 2024 huko Marekani: kampuni ya mambo ya malipo ya hospitali, Change Healthcare, ililipa dola milioni 22, na baadaye kundi jingine likajitokeza na kudai tena kwa habari zilezile za wagonjwa. Mwizi hatoi risiti.

Sasa nifike kwenye neno ambalo pengine halitawapendeza wakubwa wote. Mahali pale nilipokosea, nilinyamaza. Ijumaa jioni nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu mashini ilianza kwenda polepole na taa yake kuwakawaka bila kazi. Sikusema. Mwenzangu mmoja alikuwa amekatwa siku tatu za mshahara kwa kuharibu printa, nami nilikuwa na watoto wa kulisha. Kama ningemwita fundi jioni ileile, pengine tungechomoa diski kabla ya usiku. Nilinyamaza siku mbili, na siku mbili hizo ndizo zilizokula picha za mzee.

Katika mgodi tumejifunza jambo hili kwa damu. Mtu anayesema "nimesikia mwamba unalia" haadhibiwi hata kama mwamba haukuanguka. Anashukuriwa, na wote wanatoka. Kwa nini anayesema "nimebonyeza kitu kibaya" aandikiwe barua ya onyo? Ukimwadhibu huyo, wa pili atanyamaza, na wa tatu atafuta alama zake. Kuna wanaosema kwamba bila adhabu watu watakuwa wazembe. Nimesikia maneno hayo hata juu ya ajali za vidole, na ninajua ni ajali ngapi zilifichwa kwa sababu yake, kwa maana vidole hivyo vinakuja kwangu vimekwisha kuoza. Mzembe wa makusudi ana sheria yake. Aliyedanganywa na mwizi wa kazi hiyo, akasema saa ileile, ametusaidia.

Kwa hiyo nimewaomba wajumbe wa sindika na kamati ya usalama waandike jambo moja katika kanuni zetu: anayetoa habari ya hati au flashi mbaya katika zamu ileile asikatwe mshahara wala kupewa onyo. Jibu bado.

Wakati tunangoja, kila Alhamisi saa tisa mchana lete flashi yako dispansere. Fundi wa biro amekubali kuisafisha kwenye kompyuta ya zamani isiyounganishwa na nyingine yoyote, bure, na hataangalia picha zako za harusi. Faili za mapafu za kambi nzima zinanakiliwa kila Ijumaa. Diski bado ni moja tu, ya pili tumeiomba. Ufunguo wa kabati ninao mimi, na nikiwa katika mapumziko unao mama wa maabara.